Barua kwa Baba: vibao vya paleti

Shikamoo Baba,

Natumai nyote hamjambo na presha ya Mama imetulia. Huku Nairobi baridi ya Julai inatung'ata, ila tu wazima.

Uliniuliza kwenye simu kama kuna mwenye akili timamu anayenunua ubao wa kuchezea, huu wa magurudumu. Wapo, Baba. Vijana wa skeitibodi wanazidi kuongezeka, Kangemi wana hata uwanja wao wa zege, na ubao wa dukani bei yake haishikiki.

Mimi natengeneza vile vifupi, sentimita 56 hivi, kwa mbao za paleti, zile chanja za kupakilia mizigo. Ubao wa dukani huwa ni matabaka 7 membamba ya mbao ya mepo (mti mgumu wa ng'ambo) yaliyogandishwa pamoja, ndiyo maana unanesa bila kukatika. Paleti haina unyumbufu huo, lakini ikiwa fupi inambeba mtu mzima, mradi nyuzi zifuate urefu. Hilo ulinifundisha wewe kwenye miguu ya viti. Naangalia muhuri kwanza: HT ilipashwa joto kuua wadudu, naichukua; MB ilifukizwa methili bromidi, gesi ya sumu, hiyo siigusi. Misumari naisaka kwa sumaku kabla ya kushika randa.

Uzuri wenyewe uko tumboni. Jengo linapojengwa mjini, pengine huzungushiwa uzio wa plaiwudi, na vijana wa grafiti hawauachi mtupu. Jengo likiisha, uzio unang'olewa, nami nauziwa kwa bei ya kuni. Ila mchoro si mali ya mwenye jengo. Namtafuta aliyeuchora, tunapatana fungu lake kwa kila ubao. Wenzangu karakana nzima wananicheka, na wacheke.

Ukiukata mchoro hujui kitakachobaki. Juzi ulitoka ubao wenye jicho moja na nusu sikio, wateja wawili wakaugombea! Rangi nene hubanduka ukingoni, kwa hiyo pale napita na tupa taratibu, ndipo nipake vanishi. Plaiwudi naigandisha chini ya paleti, inalala kwenye jiriwa hadi asubuhi. Ekseli na magurudumu natoa kwenye skeitibodi za mitumba Gikomba. Beringi, namba 608, nanunua Kirinyaga Road.

Zile mbao za mashua ulizoniwekea, usizitume. Zimeshiba sifa, yale mafuta ya papa, gundi haitashika. Ukipata fremu ya mlango wa mninga, hata iliyoliwa upande mmoja, nipakilie kwenye basi, nauli nitalipia huku. Ada ya mdogo wangu naituma Ijumaa.

Mwanao