Barua kutoka Bremen: umri wa matope ya baharini

Baba mdogo, shikamoo.

Simu ilikatika ukiuliza matope ya chini ya bahari yanajulikanaje umri wake ilhali hayana cheti cha kuzaliwa. Jibu ni hili.

Itazame pia ya watoto hapo Tukuyu: inazunguka huku kichwa kikiyumba polepole. Dunia nayo huyumba hivyo, na majira huhisi duru hiyo kila miaka 19,000 hadi 23,000. Mwinamo wake hupanda na kushuka kwa miaka 41,000. Njia yake kulizunguka Jua hubadilika umbo kwa miaka 100,000 na 405,000. Hali ya hewa hufuata, na bahari hutandika matope kwa zamu: meupe yenye chokaa, kisha meusi yenye mfinyanzi. Ukihesabu zamu hizo, umehesabu miaka.

Bomba la kuchukulia matope laini huvuta kama mita 9.5 kwa mkupuo, na kati ya mkupuo na mkupuo matope hupotea. Kwa hiyo hutobolewa mashimo mawili matatu jirani, vina vikipishana, pengo la hili lizibwe na lile. Bomba hupasuliwa katikati: nusu hutunzwa, nusu hupimwa chuma na chokaa kwa eksirei.

Tuseme hutua sentimita 2 kwa miaka 1,000. Duru ya miaka 20,000 ni sentimita 40, ya 100,000 ni mita 2, ya 405,000 ni mita 8.1. Ukipima kila sentimita 20 umejidanganya, maana duru ya sentimita 40 itapata vipimo viwili tu; pima kila 5. Usianze na miaka, anza na uwiano: mistari mitano (duru za 20,000) katika tita moja (100,000), matita manne katika tita kubwa (405,000). Anayenyoosha matabaka yafuate chati ya hesabu za mizunguko ya sayari tangu mwanzo hupata jibu alilolitaka yeye.

Mimi naiamini zaidi ile ya 405,000. Inatokana na mvutano wa sayari za Zuhura na Mshtarii, nayo ni tulivu. Nyingine, ukivuka miaka milioni 50 nyuma, hesabu zake huvurugika.

Mchanga ukiporomoka baharini unaweza kutandaza sentimita 30 kwa siku moja. Usipoutoa, umejiongezea miaka 15,000 ya bure. Mkondo ukikokoa tita zima, kila kilicho chini kitaonekana kijana kwa miaka 100,000.

Tena, matita hukupa urefu wa muda tu. Tarehe inahitaji kigingi: majivu ya volkano yenye zirkoni (chembe za madini ambazo umri wake hupimika), au tabaka la wakati sumaku ya Dunia ilipogeuka. Mgeuko wa mwisho uliwekwa miaka 730,000 iliyopita, hadi mwaka 1990 mwanajiolojia Mwingereza Nicholas Shackleton na wenzake, kwa matope ya Pasifiki, waliposema 780,000. Vipimo vipya vya miamba vikaja kuwaunga mkono.

Lile tabaka la mawe mepesi ya volkano ya Rungwe, la kama miaka 4,000, unaloliona kwenye kingo za barabara, ni kigingi cha namna hiyo: majivu yake yamo hata kwenye matope ya Ziwa Nyasa. Ila duru hizi haziwezi kulipima: tabaka hilo ni changa mno, halijatimiza hata duru moja.

Msalimie mama mdogo.