Malalamiko kuhusu Safari ya Pangani

Tanga,
10 Septemba 2025

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA PANGANI YA JUMAPILI, TAREHE 7 SEPTEMBA 2025

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na wawili mliotupeleka Pangani Jumapili iliyopita. Tulilipa shilingi 65,000 kila mmoja, jumla 780,000, na risiti yenu ninayo. Fedha hizo tulizichanga miezi mitano, kwa hiyo mnivumilie barua ikirefuka.

Gari lilichelewa kidogo kutoka Tanga. Hilo tumelisamehe.

Kilichotuudhi ni mto. Ratiba yenu imeandika boti saa mbili na nusu asubuhi, kupanda Mto Pangani kutazama viboko, mamba na ndege wa mikokoni. Saa mbili na nusu asubuhi, Meneja, siku ya mwezi mpevu! Maulidi yametoka kusomwa juzi yake, na usiku wa Jumapili hiyohiyo mwezi ukapatwa, watu wakatoka nje kuutazama. Mtoto yeyote wa mvuvi angewaambia kwamba mwezi ukiwa mkubwa ni bamvua, na bamvua pwani yetu hii maji hujaa kama saa kumi, hupwa kama saa nne. Mlitupakia botini maji yakiwa yanakimbilia baharini.

Tukaingia kwenye kijito cha mikokoni kutafuta ndege, na mnamo saa tatu boti ikagusa chini. Nahodha akajaribu mashine, akajaribu upondo, mwisho akazima injini akakaa. Tumepwelewa. Hatukutoka pale mpaka saa tano na nusu, turubai hakuna, maji ya kunywa chupa sita. Kushuka haiwezekani: mto una mamba, na lile tope lingetumeza hadi mapajani. Jaketi okozi zilikuwa tano. Abiria tulikuwa kumi na wawili, sijui mlitaka tupige kura.

Nisiseme hatukuona kitu. Tuliona yangeyange wawili, mdiria mmoja, na kaa wengi wakitoka mashimoni kututazama sisi. Bibi mmoja wa kikundi chetu, mzaliwa wa Bweni ng'ambo ya mto, akatufundisha kuutambua mchu kwa vijizizi vyake vinavyochomoza topeni kama penseli, na mkoko kwa mizizi yake iliyosimama kama miguu ya buibui. Hiyo ndiyo saa tuliyoifurahia kuliko zote, wala haimo kwenye ratiba yenu. Kiboko hatukumwona hata masikio.

Kwa kuchelewa huko, mji wenyewe tuliupita mbiombio. Boma, forodhani, nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, vyote kwa dakika arobaini. Na kijana wenu wa kutembeza wageni akatuambia Abushiri alinyongwa Bagamoyo mwaka 1905. Nimefundisha historia miaka 31, nikashindwa kunyamaza. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889, baada ya vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani vilivyoanzia hapohapo Pangani mwaka 1888. Mwaka 1905 ni Majimaji. Kijana ana adabu na sauti nzuri, mpeni kitabu.

Chakula kilikuwa kizuri, pweza wa nazi hasa, kwa hiyo sidai fedha zote. Nadai sehemu ya boti, ambayo ratiba yenu imeiweka shilingi 25,000 kwa mtu, yaani 300,000 kwa kikundi, ndani ya siku 14. Zikipita, nitapeleka nakala ya barua hii pamoja na picha Tume ya Ushindani. Na kabla hamjauza safari nyingine ya mto, tazameni kwanza jedwali la kujaa na kupwa, na kila abiria awe na jaketi yake.

La mwisho: nahodha msimkate ujira. Alituambia kwamba aliwapigia simu Jumamosi kuwaomba muisogeze safari hadi alasiri, akajibiwa kuwa ratiba imeshachapwa.

Fedha zitumwe kwenye namba ya simu iliyoandikwa kwenye risiti. Nikizipokea nitawajulisha kwa maandishi.

Wenu,
Mweka hazina, kwa niaba ya kikundi