Ongeza Sita: Barua Kuhusu Zamu ya Usiku, Ghorofa ya Pili

9 Februari 2026

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni inayomiliki nyumba ya wazee anamoishi baba yangu,
Minnesota.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: UHABA WA WAHUDUMU USIKU, KIDONDA CHA BABA YANGU, NA MANENO YALIYOANDIKWA KWENYE FAILI LAKE

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza niliziandika kwa Kiingereza, mkanijibu zote kwa aya zilezile, hata koma haikuhama. Hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mwenye malalamiko ni baba, na nimemsomea kila sentensi kabla ya kuituma. Isitoshe, mapokezi kwenu kuna bango linalosema mkalimani hupatikana bila malipo. Akikosekana, pandeni ghorofa ya pili usiku. Wengi wanaowafanyia kazi pale watawasomea vizuri tu, mradi wapate dakika.

Baba ana miaka 82. Kiharusi kilimpata Agosti mwaka jana kikampoozesha upande wa kulia, lakini akili yake iko pale pale. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa stesheni ya reli kule Voi, na mtu aliyeandika saa za treni miaka yote hiyo hawezi kukaa kitandani bila kuandika saa. Anaandika kwa mkono wa kushoto, nyuma ya karatasi za menyu mnazomletea asubuhi: nani kaingia, saa ngapi, kafanya nini.

Usiku wa Jumamosi, Januari 17, aliandika mistari miwili tu. "5.50 nimegeuzwa, nepi imebadilishwa." Na chini yake: "10.40 wamekuja wawili, shuka limelowa."

Nilipompelekea nesi mkuu wenu karatasi hiyo, aliitazama kidogo akaniambia kwa upole kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Saa 5:50 jioni, alisema, baba alikuwa ukumbi wa chakula, kila mtu alimwona. Na saa 10:40 usiku hakuna watu wawili walioingia chumbani kwake. Kwa hiyo mzee anaona watu wasiokuwepo. Siku mbili baadaye nikakuta faili limeandikwa kuwa amepoteza hisia ya wakati na anapendekezwa kupimwa kumbukumbu.

Bwana Mkurugenzi, Waswahili tunaanza kuhesabu saa za usiku jua likishatua. Saa yenu ya 7 jioni ndiyo saa 1 yetu ya usiku. Ongeza sita, basi. Saa 5.50 ya baba ni 11:50 yenu, na saa 10.40 yake ni 4:40 yenu ya alfajiri. Mngemuuliza mhudumu yeyote Mkenya kwenye ile korido angewaambia kabla hajamaliza kuvaa glavu.

Kamera nayo inasema hivyo hivyo. Sheria ya Minnesota imeruhusu kamera chumbani mwa mkazi tangu Januari 2020, na fomu ya baba ya idhini mnayo tangu Novemba. Inaonyesha mhudumu akiingia 11:52, na wawili wakiingia 4:41. Baba alikosea kwa dakika mbili, kisha kwa moja, akisoma saa ya ukutani bila miwani. Nataka yale maneno ya faili yasahihishwe kwa maandishi, kwa sababu mkazi akishaandikwa kuwa amechanganyikiwa, kila anachokisema baadaye hakina uzito tena. Sidhani kama mlikusudia hivyo, ila kazi imefanyika.

Sasa tuje kwenye kilichotokea kati ya mistari hiyo miwili. Ni saa nne na dakika 49. Mpango wa matunzo mlioutia sahihi unasema baba ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwa kuwa hawezi kujigeuza. Taa ya kengele yake iliwaka 1:15 na haikuzimwa mpaka 4:41. Sauti inasikika kwenye kamera. Hapigi kelele. Anasema, "Sista... sista... naomba nigeuzwe tu," kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani, ananyamaza, anangoja, anasema tena. Niliisikiliza yote mara moja, sitarudia. Jumanne, Januari 20, nesi wa mchana akakuta kidonda kwenye kifandugu, hatua ya pili, ngozi imeshachubuka, ukubwa wa sarafu ya senti 25.

Jibu lenu likawa kwamba "mhudumu husika hayupo tena kazini". Mliandika kana kwamba mmenichinjia mbuzi. Sikuomba mtu afukuzwe. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, katika nyumba nyingine za hapa hapa Minnesota, mgongo wangu bado unalipa. Yule dada namjua kwa sura. Jumamosi hiyo alikuwa anapiga dabo, yaani zamu mbili mfululizo, kaingia saa nane mchana, na ndiye aliyembadilisha baba ile 11:52. Mmemfukuza mtu pekee aliyefika kabla ya ile 4:41.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ghorofa ya pili ina wakazi 38. Usiku ule walikuwepo wahudumu wawili, yaani 19 kwa kila mmoja. Zamu ina dakika 480. Gawanyeni: dakika 25 kwa mkazi kwa usiku mzima, bila mhudumu kunywa maji wala kwenda msalani. Mkazi wa kugeuzwa kila saa mbili anahitaji kufikiwa mara nne, na kila mara, ukimbadilisha nepi, ukamweka mto na kuandika kwenye kompyuta, ni dakika kumi ukienda mbio. Hapo zimefika 40. Halafu kuna mashine ya kuinulia. Utaratibu wenu wenyewe unasema isiendeshwe na mtu mmoja, na ni sawa kabisa, mkazi anaweza kuanguka. Lakini wahudumu wakiwa wawili tu, wakiingia wote chumba kimoja kumwinua mtu, korido yote imebaki na taa zinazowaka. Hakuna bidii ya kurekebisha hilo. Ni ratiba iliyopangwa na mtu aliye ofisini, mchana, mwenye kahawa.

Nikaitazama ile karatasi ya ukutani karibu na lifti. Jumapili nilifika kabla zamu haijabadilishwa, nikaipiga picha. Zamu ya usiku: wahudumu 4. Wanne! Nilipouliza, nikaambiwa mmoja aliomba udhuru jioni, na mwingine alikuwa mgeni anayejifunza, kapelekwa ghorofa ya kwanza. Hakuna aliyeifuta ile nne. Kanuni za shirikisho zinawataka mbandike kila siku, mwanzoni mwa zamu, idadi ya wakazi pamoja na idadi na saa halisi za manesi na wahudumu wanaowahudumia. Karatasi hizo mnatakiwa kuzitunza angalau miezi 18 na kumpa yeyote anayeziomba. Naziomba. Zote za ghorofa ya pili kuanzia Septemba 1 mpaka leo. Mkizitoa, tafadhali ziambatane na saa mlizozituma serikalini kutoka kwenye malipo ya mishahara, tuone kama zinafahamiana.

Mwanasheria wenu alinikumbusha kuwa ile kanuni ya shirikisho, iliyotaka kila mkazi apate angalau saa 3.48 za huduma ya manesi na wahudumu kwa siku, haipo tena. Najua. Ilitolewa 2024, mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta Aprili 2025, na Julai mwaka huo huo Bunge likazuia isitekelezwe mpaka Septemba 30, 2034. Baba akijaliwa kufika, atakuwa na miaka 90. Mwanasheria huyo akaongeza kwamba sheria ya Minnesota inadai saa 2 tu na nyinyi mmezizidi. Sawa. Lakini hakuna mahakama iliyofuta sharti la kuwa na wahudumu wa kutosha kwa mahitaji ya wakazi mlionao. Hilo linatokana na sheria ya shirikisho ya 1987 kuhusu nyumba za wazee, nami nilifundishwa siku ya kwanza ya kozi. Wala haikufutwa tathmini ya kituo mnayotakiwa kuifanya wenyewe, mkionyesha kila zamu na kila sehemu inahitaji watu wangapi. Nionyesheni mahali tathmini yenu ilipoandika kwamba ghorofa ya pili, usiku wa Jumamosi, inatoshwa na wawili. Kama imeandika hivyo, nataka kujua aliyetia sahihi. Kama imeandika wanne, basi mnajua mlichokosa.

Ninachokitaka, ukiacha zile karatasi na faili la baba, ni uamuzi wa maandishi kutoka kwa afisa wenu wa malalamiko: mlichunguza nini, mmekubali nini, mmebadilisha nini, tarehe gani. Wahudumu wa usiku wa ghorofa ya pili wawe wanne kweli, hata wikendi na sikukuu, na anayejifunza asihesabiwe mpaka amalize kujifunza. Yule dada mfikirieni upya. Nimempa neno langu kwamba nitamwandikia barua ya ushahidi, na video ninayo.

Nakala ya barua hii nimeipeleka Idara ya Afya ya Minnesota na kwa mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee wa jimbo. Kwao nimeambatanisha tafsiri.

Mwisho kuna jambo dogo, baba kasisitiza niliandike. Tangu nilete malalamiko, menyu zake zinakuja zimechapishwa pande zote mbili. Labda ni jikoni tu wameamua kubana karatasi. Nimemnunulia daftari la kurasa 200. Yuko ukurasa wa 11.

Binti wa mkazi wa ghorofa ya pili,
kwa idhini yake, naye ameweka sahihi hapa chini kwa mkono wa kushoto, saa 3.20 asubuhi.