Barua kwa mwanangu: kitabu kilichonikalisha macho

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Jana usiku nimemaliza kitabu cha watoto na nimelia, tena kweli. Kinaitwa The Great Gilly Hopkins, cha Mmarekani Katherine Paterson. Kilitoka mwaka 1978, mimi ndiyo kwanza nakigundua.

Gilly ana miaka 11. Amehamishwa kutoka kwa mlezi huyu hadi kwa yule, na sasa afisa ustawi wa jamii anampeleka kwa Maime Trotter, mjane mnene wa Maryland. Ana kiburi, ana ulimi mkali, anaumiza watu kabla hawajamuumiza. Picha ya mama yake mzazi anaitunza kama mboni ya jicho, akiamini siku moja atakuja kumchukua. Asipokuja, Gilly anaiba pesa za mzee kipofu wa jirani, anaiba na za Trotter, akitaka kupanda basi hadi California. Anakamatwa kituoni.

Hapo nilifunga kitabu. Unaukumbuka usiku ule wa mdogo wako, huyu tunayemlea, na pochi yangu? Nilimwambia mbele yako kwamba kesho nitampigia simu afisa aje amwondoe. Trotter naye aliibiwa. Afisa alipotaka kumhamisha Gilly, Trotter alikataa katakata.

Paterson mwenyewe aliwahi kuwalea kwa muda wavulana wawili kutoka Kambodia. Akajikuta akiwaza kwamba matatizo yao si ya kuhangaika nayo, kwa kuwa hawatakaa. Wazo hilo lilimshtua, na ndimo kitabu kilimotoka. Mwanangu, na mimi niliwaza hivyo hivyo. Miezi minane nilikuwa namwita mgeni wetu. Kikombe chake nilikitenga. Mgeni hakemewi, hafundishwi, anangojewa aage, na yeye aliliona hilo kabla yangu.

Mwisho sikusimulii, ila ujue kwamba uongo aliouandika Gilly kwenye barua moja ya hasira ndio unaokuja kumng'oa pale alipokwisha kupapenda. Ukifika kwenye ile simu ya uwanja wa ndege, usiharakishe. Na mle kuna maneno ya kibaguzi ambayo Gilly anamtupia mwalimu wake mweusi. Hayo tuyazungumze pamoja utakapokuja likizo. Mimi nimependa zaidi sehemu anazokaa na William Ernest, mtoto mwenzake mwoga, akimfundisha kujitetea. Mtoto asiyetaka kumpenda yeyote, na bado anakaa naye.

Leo asubuhi nimemwomba mdogo wako radhi. Wewe pia nakuomba, maana ulisimama pale mlangoni ukasikia yote, ukajifunza kwangu jinsi mtu anavyofukuzwa.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama anaweza kutumia kikombe chako mpaka utakaporudi. Nimemwambia achukue.

Ni mimi mama yako.