Kabla ya kuagiza mawe ya bahari kuja Dodoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wanaotaka kuanzisha tangi la samaki na matumbawe ya maji chumvi hapa mjini. Wengi huanza na kosa lilelile: kumpigia simu mtu wa Dar es Salaam au Tanga awatumie "mawe hai" yaliyobanduliwa baharini. Kioo, taa na pampu wataviulizia bei wiki nzima. Jiwe, ambalo ndilo chujio lenyewe, hununuliwa kwa kuangalia rangi.

Jiwe hai ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, ni chokaa tupu, ambayo bakteria wamefanya makazi. Wanaokaa juu, penye oksijeni, hugeuza amonia itokayo kwenye kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Wanaokaa ndani ya vitundu, ambako maji hupenya taratibu na oksijeni imeisha, huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, nayo hutoka zake hewani. Jiwe lililoziba hufanya ile kazi ya kwanza tu, na nitrati hubaki ikirundikana majini. Ile zambarau inayowavutia wanunuzi ni mwani unaoganda kama chokaa. Unapendeza, lakini si huo unaosafisha maji, na tangi likitulia utaota bila kununuliwa.

Basi anza na jiwe kavu la chokaa ya matumbawe lililochimbwa nchi kavu. Chokaa ya namna hii ndiyo iliyojenga nyumba za Mji Mkongwe na misikiti ya Kilwa Kisiwani. Halina kaa, halina minyoo, na halikuvunjwa kwenye mwamba ulio hai. Tumbawe la duara huinuka kama sentimita moja kwa mwaka, mara nyingi pungufu, hivyo pande la kimo cha sentimita 30 lilianza kukua kabla ya wengi wa wanunuzi wake kuzaliwa. Isitoshe, matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu 1994 tunayo sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Muuzaji asiyeweza kukuambia jiwe limetoka wapi, muache na jiwe lake.

Namna ya kuchagua ni hii. Shika mawe mawili yanayolingana ukubwa, moja kila mkono. Linaloelemea mkono liache. Dondoshea tone la maji juu ya lile jepesi: kwenye jiwe zuri tone hunywewa hapohapo na kuacha doa jeusi, kwenye jiwe lililoziba hubaki limekaa kama kwenye sahani. Ukiwa na mizani, lipime likiwa kavu, liloweke usiku kucha, lipime tena. Jiwe la kilo moja lililoongezeka gramu 20 tu halina vitundu vya maana. Mwisho dondoshea siki. Chokaa hutoa povu na mlio kama soda iliyofunguliwa.

Siki ni muhimu kwetu kwa sababu mawe ya kuokota hapa kwetu hudanganya. Granite ya vilima vya Dodoma haitoi povu na haina vitundu. Jasi ya Itigi ni nyeupe na laini, mtu akaiona kama chokaa, lakini nayo haitoi povu, na ndani ya maji huyeyuka kidogokidogo. Linaloponyoka kipimo cha siki ni lile gamba la chokaa la mabonde ya Bahi na Manyoni: povu litatoka, ila katika chokaa za huko ndiko urani, madini yenye mionzi, imepatikana. Usiliweke ndani ya tangi, hata likiwa na umbo zuri namna gani.

Kwa tangi la lita 200 kilo 15 hadi 20 za jiwe lenye vitundu zinatosha. Chukua makubwa mawili au matatu ya kukaa chini, na mengine matano hivi ya wastani. Ukijaza zaidi ya nusu ya tangi, maji hayazunguki nyuma ya mawe, uchafu unatuama na mwani unashamiri. Panga mawe juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo umwage mchanga. Yakikaa juu ya mchanga, samaki wachimbaji watafukua chini yake na mnara wote utaangukia kioo. Acha sentimita tano kati ya jiwe na kioo kila upande ili mkono upite wakati wa kusugua.

Jiwe kavu likiwa na mabaki yaliyokauka ya viumbe, lazima lisafishwe, la sivyo litatoa fosfeti kwa miezi na mwani hautakoma. Loweka kwenye jiki, kipimo kimoja kwa maji kumi, kwa saa 24, nje penye hewa. Suuza mara kadhaa, loweka maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini, kisha anika juani mpaka harufu iishe kabisa. Kwa jua la hapa hilo halichukui siku nyingi. Kamwe usichanganye jiki na siki au asidi yoyote, maana mvuke wake ni gesi ya klorini. Wala usichemshe jiwe lililotoka baharini. Kuna viumbe jamii ya matumbawe wanaoota juu ya mawe wakiwa na sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wa chungu umewahi kulaza watu hospitalini.

Sasa jiwe lifanywe hai. Maji ya bomba yanayotoka visima vya Makutupora ni magumu, hayafai kuchanganyia chumvi. Tumia yaliyopita kwenye mtambo wa RO, ule unaochuja maji mpaka kuondoa madini. Vituo vingi vya kujaza maji ya kunywa wanao. Uliza kwanza kama hawarudishi madini baada ya kuchuja. Chumvi iwe ile ya kutengenezea maji ya bahari, gramu 36 hadi 38 kwa lita, mpaka kipimo kisome 35 kwa elfu. Chumvi ya mezani, na hata ile ya Bahi, haiwezi kukupa kalsiamu na magnesiamu kwa uwiano unaotakiwa. Weka mawe kwenye pipa la plastiki gizani, pampu ikizungusha maji na hita ikishikilia nyuzi 25 au 26. Hita usiidharau: usiku wa Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14.

Mbegu ya bakteria ipatikane kwenye chupa, au kwenye jiwe la kilo moja kutoka tangi la mwenzako lililokwisha kukomaa. Jiwe hilo lizamishe dakika moja kwenye maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita na kulitikisa. Kaa na minyoo watatoka mbio. Usiku limulike kwa tochi. Ukiona kiua kidogo cha kahawia chenye mikono mirefu kinachonywea kikiguswa, hiyo ni Aiptasia, kiumbe msumbufu, na ukiikwangua kila kipande kitaota upya. Mwani wa malengelenge ya kijani ung'oe na kipande chake cha jiwe, bila kuupasua.

Tia amonia isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda kisha nayo ishuke. Siku ambayo miligramu 2 zitamalizwa ndani ya saa 24, amonia sifuri na nitriti sifuri, mawe yako tayari. Huchukua wiki nne hadi nane. Aliyeagiza jiwe bichi la bahari naye hakwepi kusubiri. Njiani likiwa limefungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa, sponji na minyoo hufa, linafika likinuka yai viza, na likitumbukizwa moja kwa moja penye samaki, amonia inayotoka inaweza kuwamaliza kwa siku moja au mbili.

Wenye maduka ya samaki wa mapambo nawaomba jambo moja: kwenye kila kreti la mawe bandikeni karatasi yenye mahali yalikochimbwa, na kama yalishawahi kutiwa majini na samaki, dawa gani iliwekwa humo. Dawa yenye shaba iliyonywewa na jiwe huendelea kutoka taratibu, na kamba na matumbawe hawaistahimili.

Mfugaji wa samaki wa maji chumvi,
Area C, Dodoma