Mgonjwa wa mashine ya figo asinyimwe protini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie utapiamlo wa wagonjwa wanaosafishwa damu, jambo nililolielewa kwa kuchelewa nikimuuguza baba yangu. Kabla hajafikia hatua ya mashine, daktari alimwagiza apunguze nyama, samaki na mayai ili figo zake zisielemewe, na kwa wakati ule agizo hilo lilikuwa sahihi. Alipoanza kusafishwa damu, hakuna aliyetueleza kwamba kanuni imegeuka, nasi tukaendelea kumpa uji mwepesi na wali kwa mboga kidogo, tukiamini kuwa tunamlinda.

Kumbe mashine inapoondoa sumu, huondoa pia gramu 6 hadi 12 za asidi amino, ambazo ndizo zinazojenga protini, kila mgonjwa anaposafishwa. Kwa sababu hiyo miongozo ya kitabibu humtaka apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, takriban mara mbili ya kiwango cha awali. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 60 hadi 72, ilhali yai moja lina kama gramu 6 tu.

Mizani nayo ilituhadaa. Uzito wa baba haukushuka, kwa kuwa nyama ya mwili ilipoyeyuka nafasi yake ilishikwa na maji, hadi muuguzi mmoja alipotuonyesha jinsi mapaja yalivyosinyaa.

Sisemi kwamba kumlisha ni rahisi. Maji ya madafu, ndizi na mchicha vina potasiamu nyingi, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi, madini mawili ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuyatoa mwilini vya kutosha. Hata hivyo viazi vikikatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, potasiamu hupungua. Ute wa yai nao una protini nzuri na fosforasi kidogo mno. Hayo tuliyaokoteza kwa wagonjwa wenzake kwenye benchi, wakati familia nyingi huondoka hospitalini na orodha ya makatazo peke yake.

Naziomba mamlaka za afya ziweke mtaalamu wa lishe katika kila kituo cha kusafisha damu, amwone mgonjwa katika wiki ya kwanza na kila mwezi baada ya hapo, akizungumza pia na yule anayempikia nyumbani.

Msomaji wako,
Tanga