Jino lililotoboka huzibika hata bila umeme

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jibu wanalopewa wazee wengi huku Pemba wanapompeleka mtoto kituoni na jino lililoanza kutoboka: mashine ya kuchimbia meno ni mbovu, au umeme umekatika, kwa hiyo kilichobaki ni kung'oa.

Kwa matundu mengi madogo, jibu hilo si sahihi. Ni hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ndipo ilipoanza kujaribiwa njia ya kutibu jino kwa zana za mkono pekee, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu mzima. Tabibu hupanua mdomo wa tundu kwa zana yenye umbo la tezo ndogo, kisha kwa kijiko cha kukwangulia huondoa sehemu laini iliyooza, akianzia kandokando chini ya ganda gumu na kumalizia sakafuni kwa mkono mwepesi, maana huko ndiko kwenye mshipa wa fahamu wa jino. Sehemu iliyooza haina hisia kubwa, hivyo mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Tundu likishasafishwa na kukaushwa kwa pamba, hujazwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino lenyewe na kutoa floridi, madini yanayolikinga jino lisioze, na hukandamizwa kwa kidole chenye glovu iliyopakwa vaselini.

Jino lenye usaha, au ambalo mshipa wake umeshafunuka, halizibwi hivyo. Na tundu lililoenea pande mbili za jino la utotoni mara nyingi huachia saruji mapema.

Lakini kinachoiharibia sifa njia hii, kwa nilivyoona kabla sijastaafu, ni ubutu wa zana. Kijiko butu humlazimisha tabibu kutumia nguvu, mtoto akaumia, na lawama ikaangukia njia badala ya kijiko. Kupima ni kuweka makali juu ya ukucha wa dole gumba: yakinasa yanafaa, yakiteleza yanataka kunolewa kwa jiwe bapa na tone la mafuta, kabla ya zana kutiwa katika mvuke wa kuulia vijidudu.

Nawaomba wanaoagiza vifaa vya vituo vyetu waongeze jiwe hilo katika orodha, pamoja na saruji ambayo muda wake haujakaribia kwisha, na madaktari wa meno wanaopita maskulini wabebe zana hizo mkobani.

Tabibu mstaafu wa meno,
Wete, Pemba